Mteja Bora wa Duka la Bangi

  

Nimeombwa nizungumzie maadili ya kutangaza na kuuza bangi halali. Najua mada yenyewe inawatia baadhi yenu wasiwasi, kwa hiyo niseme mapema: sikuja kuipigia debe bangi, wala sikuja kumsimanga anayeivuta. Hapa Tanzania sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 haina kigugumizi, na mashamba ya Kisimiri Juu kule Arumeru yamefyekwa na kuchomwa moto hadi picha zake hazitushangazi tena gazetini. Mjadala wetu bado ni wa askari na mkulima. Mimi nataka twende mahali ambapo askari ameshaondoka na mwenye duka ameingia, tumtazame anavyofanya kazi.

Mahali penyewe ni Marekani, hasa jimbo la Colorado, kisha tutapita Kanada na Uruguay. Tarehe 6 Novemba 2012 wananchi wa Colorado walipiga kura na kuibadili katiba ya jimbo lao kwa kile kinachoitwa Marekebisho ya 64. Siku hiyohiyo jimbo la Washington nalo lilifanya vivyo hivyo. Waliofanya kampeni Colorado walikuwa na ahadi rahisi kueleweka: bangi idhibitiwe kama pombe. Tarehe 1 Januari 2014 maduka yakafunguliwa, watu wakapanga foleni kwenye baridi kali. Mtu wa miaka 21 na zaidi aliingia na kitambulisho chake na akatoka na mfuko wake, huku polisi akimwangalia tu.

Mkumbuke maneno hayo mawili, "kama pombe". Wengi waliyasikia kama ahadi ya udhibiti. Wafanyabiashara waliyasikia tofauti kabisa, na nadhani wao ndio waliosikia vizuri zaidi.

Machi 2014, mjini Denver, maduka yakiwa hayajatimiza hata miezi mitatu, kijana wa miaka 19 alikula biskuti ya bangi. Umri wake haukumruhusu kuuziwa. Mwenzake aliyemzidi umri ndiye aliyeinunua. Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, CDC, kilichapisha taarifa ya tukio hilo mwaka 2015, na mimi huwapa wanafunzi wangu waisome polepole. Biskuti ile moja ilikuwa na miligramu 65 za THC, ile kemikali inayolevya. Muuzaji alieleza kwamba igawanywe vipande sita, na mtu ale kipande kimoja kwa wakati. Kijana akala kipande kimoja. Akasubiri kati ya nusu saa na saa nzima, hakuhisi lolote, akamalizia iliyobaki. Katika saa mbili zilizofuata alianza kusema ovyo na kuwa mkali. Mwishowe akaruka kutoka baraza ya ghorofa ya nne, akafa.

Mwanasheria wa kampuni atawaambia kwamba hapo hapana kosa. Bidhaa ni halali, duka lina leseni, maelezo yalitolewa na mnunuzi alikuwa na umri. Yote hayo ni kweli. Lakini hebu tujiulize ni nani kati yetu amewahi kula moja ya sita ya biskuti. Bangi ya kuvuta hupanda kichwani kwa dakika chache. Ya kula hupita tumboni na kwenye ini, na inaweza kuchukua saa moja, hata mbili, kabla mtu hajajua amekula nini. Mtengenezaji analijua hilo. Mteja mgeni halijui, na kitu alichowekewa mkononi amekifahamu tangu utotoni: hutafunwa chote, kisha unachukua kingine. Maelezo yalimtaka asubiri, na biskuti yenyewe ikamwambia kula. Umbo la bidhaa nalo ni tangazo, na mara nyingi lina sauti kubwa kuliko maandishi.

Baada ya hapo Colorado ilianza kurekebisha. Kuanzia Februari 2015 bangi ya kula ilitakiwa kufungwa au kugawanywa kwa vipimo vya miligramu 10, na pakiti nzima isizidi miligramu 100. Oktoba 2016 ikaja alama ya lazima ya kugongwa kwenye bidhaa yenyewe, ili pipi ikitoka kwenye pakiti bado ijulikane ni nini. Oktoba 2017 zikapigwa marufuku pipi zenye maumbo ya wanyama, watu na matunda. Ndiyo, mmesikia sawasawa: kwa karibu miaka minne ilikuwa halali kuuza bangi yenye umbo la dubu mdogo wa rangi.

Kila kanuni kati ya hizo ni ya busara, na kila moja ilikuja biashara ikiwa imeshatangulia. Nchini Marekani kwa ujumla, watoto wa chini ya miaka sita walioripotiwa kwenye vituo vya sumu kwa kula bidhaa za bangi walikuwa 207 mwaka 2017. Mwaka 2021 walikuwa 3,054. Hawa hawakumuasi mzazi wala sheria. Waliona pipi wakala pipi. Na Julai 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, pamoja na mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ziliziandikia kampuni sita barua za onyo kwa kuuza vitu vyenye THC ndani ya pakiti zilizoiga Doritos, Cheetos na pipi za Nerds. Bidhaa hizo zilipitia upenyo wa sheria ya kilimo ya mwaka 2018 iliyoruhusu katani ya jamii ya bangi (hemp), kwa hiyo hazikuwa hata za maduka yenye leseni. Zilikuwa zikiuzwa kwa kubofya kitufe tu. Mwenye duka la leseni atanawa mikono hapo, na kwa kiasi fulani ana haki.

Basi tumwache huyo mwigaji wa pakiti, maana ubaya wake hauhitaji mhadhara. Tumchukue mfanyabiashara mwema. Ana leseni, analipa kodi, hauzii watoto, pakiti zake ni za kistaarabu. Huyu ndiye ninayemtaka, kwa sababu swali gumu la maadili limo ndani ya daftari lake la mauzo.

Mwaka 2014 idara ya mapato ya Colorado iliagiza utafiti wa soko lake jipya. Ulionyesha kwamba wanaotumia kila siku au karibu kila siku walikuwa takriban asilimia 22 ya watumiaji wote, na hao peke yao walibeba kama theluthi mbili ya bangi yote iliyotumika. Wale wa mara moja moja, wa kwenye sherehe, wa Jumamosi, ambao ndio hutolewa mfano kila mjadala wa uhuru unapoanza, hawana uzito kwenye hesabu. Kwa nchi nzima, Jonathan Caulkins wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alionyesha mwaka 2024 kwamba Wamarekani wanaotumia bangi kila siku au karibu kila siku walifika milioni 17.7 mwaka 2022, wakiwazidi wanaokunywa pombe kwa kiwango hicho, milioni 14.7. Mwaka 1992 watumiaji hao wa bangi hawakufika milioni moja.

Kwa hiyo mteja bora wa duka la bangi ni mtu ambaye daktari wake, mke wake na mwajiri wake wangependa apunguze. Duka likitegemea watu wanaojizuia, litafunga. Simlaumu mtu kwa roho mbaya; nasema tu faida inakaa upande gani. Pointi za mteja mwaminifu, punguzo la wanaofika asubuhi na mapema, ofa ya nunua mbili upate ya tatu, sikukuu ya wavuta bangi ya tarehe 20 Aprili yenye bei za kutupa: hayo yote kwenye duka la viatu ni ukarimu. Kwenye duka hili yanamfuata yule mmoja kati ya watano. Mtu wa mara moja kwa mwezi hakusanyi pointi.

Na bidhaa yenyewe inamfuata huyohuyo. Bangi iliyokamatwa Marekani katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na THC ya asilimia nne hivi. Maua yanayouzwa madukani leo mara nyingi hupita asilimia 20, na yale mafuta mazito na nta za kuchoma hufika asilimia 60, 80, hata zaidi. Anayeanza hahitaji nta ya asilimia 80. Aliyekwisha kuzoea ndiye anayeihitaji, maana kile cha zamani hakimfikishi tena. Tafiti nyingi zimehusisha matumizi ya kila siku ya bangi kali na hatari kubwa zaidi ya magonjwa ya akili, hasa kwa vijana. Katika maduka mengi THC nyingi huandikwa kwa herufi kubwa kama sifa, na bei hupanda nayo.

Sasa nisogee kaunta. Kule mtu anayekuhudumia unamtegemea kwa ushauri kama sisi tunavyomtegemea dada wa duka la dawa muhimu pale mtaani, tofauti ikiwa kwamba dada yetu alau amepita mafunzo na ana leseni ya kukaa pale. Watafiti wa Colorado walifanya jambo moja la ujanja, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Walipiga simu katika maduka 400. Mpigaji alijifanya mama mjamzito wa wiki nane anayesumbuliwa na kichefuchefu, akauliza wana nini cha kumsaidia. Asilimia 69 ya maduka yalimpendekezea bidhaa za bangi. Wengi walitamka habari ya kumwona daktari, lakini sehemu kubwa ya hao walisubiri kwanza kuulizwa.

Wale waliopokea simu hawakuwa majambazi. Ukiwasikiliza, wengi walitaka kumsaidia mama wa watu. Vyama vya madaktari wa uzazi vinasema wazi kwamba mjamzito asitumie bangi, na moja ya sababu ni watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kijana wa kaunta hakufundishwa hilo. Alifundishwa aina za bidhaa na namna ya kumpa mteja jibu lenye matumaini. Ukimpa mtu kazi ya kuuza, kisha ukamvika heshima ya mganga, atatibu kwa kile kilichopo kabatini. Sisi wa Afrika Mashariki, tuliokulia chini ya mabango ya tiba ya kila kitu kuanzia mshipa hadi kupata kazi, tunaujua mchezo huu vizuri. Mwaka 2019 FDA iliionya kampuni kubwa ya Curaleaf kwa kudai bidhaa zake za CBD, kemikali nyingine ya mmea wa bangi, zinasaidia kansa na ugonjwa wa kusahau wa wazee. Hali dawa ya kweli itokanayo na mmea huo ipo: Epidiolex, iliyoidhinishwa Juni 2018 kwa aina adimu na kali za kifafa, baada ya majaribio ya hospitali. Iliyopimwa imepata ruhusa kwa magonjwa machache mno. Zisizopimwa zilidaiwa kusaidia karibu kila kitu.

Mtaniuliza, serikali za majimbo zilikuwa wapi kwenye matangazo? Zilikuwepo, na hapa narudi kwenye maneno yale mawili. California ilihalalisha kwa kura ya Novemba 2016 na kufungua maduka Januari 2018. Sheria yake inasema tangazo la bangi liwekwe tu pale ambapo angalau asilimia 71.6 ya watazamaji wanatarajiwa kuwa na miaka 21 na zaidi. Colorado inasema jambo lilelile kwa kugeuza upande: walio chini ya umri wasizidi asilimia 28.4. Namba hizo zina nukta, na namba yenye nukta huonekana imetoka maabara. Imetoka kwenye sensa. Kwa sensa ya mwaka 2010, asilimia 71.6 ya Wamarekani walikuwa na miaka 21 au zaidi, na kampuni za pombe zikaichukua namba hiyo kuwa kipimo cha kujidhibiti zenyewe. Maana yake kwa lugha ya kawaida: unaweza kutangaza popote ambapo watoto hawajazidi kiwango cha watoto waliopo nchini. Barabara kuu yoyote inafaulu mtihani huo. Kipindi cha mpira kinafaulu. Mimi naona ni ulinzi wa watoto uliotungwa na mtu aliyekuwa anatafuta ruhusa.

Hata barabara zilikuwa na kisa chake. Sheria ya California ilikataza mabango ya bangi kwenye barabara kuu zinazovuka mpaka wa jimbo. Wasimamizi wa biashara hiyo wakaandika kanuni kwamba katazo lihusu maili 15 tu kutoka mpakani, na hivyo maelfu ya maili za barabara zikawa wazi. Mzazi mmoja akaenda mahakamani, na mwishoni mwa mwaka 2020 mahakama ikasema kanuni ile inapingana na sheria iliyopigiwa kura. Mabango yakatakiwa kushuka. Angalieni nani alilegeza na nani alikaza. Serikali iliyopewa kazi ya kulinda ndiyo iliyolegeza, na hilo haliwezi kueleweka bila kutaja kodi. Colorado, kwa katiba yake, dola milioni 40 za kwanza za ushuru wa bangi kila mwaka zilitengwa kwa ujenzi wa shule. Shule! Ukishajenga madarasa kwa mauzo, mauzo yakishuka unahuzunika. Na yameshuka: mwaka 2021 maduka ya Colorado yaliuza bidhaa za dola bilioni 2.2, mwaka 2023 zikawa kama bilioni 1.5. Waziri wa fedha wa nchi yoyote anajua simu za namna gani hupigwa mwaka kama huo.

Kuna pingamizi tatu ambazo huwa nakutana nazo, na si haki kuzikimbia.

Ya kwanza ni uhuru. Mtu mzima ameruhusiwa kununua. Kwa nini asiruhusiwe kuambiwa kinauzwa wapi? Marekani hoja hii huegemea katiba, kwa sababu tangu kesi ya Central Hudson ya mwaka 1980 tangazo la kweli kuhusu biashara halali lina kinga yake. Nakubali kwamba mtu aambiwe duka liko wapi, bei ni ngapi na ndani ya pakiti kuna nini. Lakini bango la msichana anayecheka ufukweni jua likizama halina taarifa hata moja.

Ya pili ni muuzaji wa mtaani. Ukimfunga mdomo mwenye leseni, wanasema, mwenye kete atashinda, kwa sababu yeye anatangaza kwenye simu bila kumwogopa mtu. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na jibu lake siwezi kulitoa kichwani. Nitawapeleka Uruguay muda si mrefu.

Ya tatu husemwa kwa kejeli: mbona bia inatangazwa? Ni kweli inatangazwa. Na mwenye kusema hivyo anadhani ametetea bangi, kumbe ameishitaki bia.

Sasa tupite Kanada. Nchi hiyo ilihalalisha tarehe 17 Oktoba 2018, na sheria yake ilitangulia kufikiria tangazo kabla ya duka. Pakiti ni ya rangi moja isiyong'aa, nembo moja ndogo, alama nyekundu ya THC, na onyo la afya kwenye kisanduku cha manjano. Ni marufuku kutumia ushuhuda wa mtu, picha ya mtu, mnyama au kikaragosi, au kuihusisha bangi na maisha ya anasa, msisimko na ujasiri. Bangi ya kula ilipoingia mwaka uliofuata, pakiti nzima iliwekewa kikomo cha miligramu 10. Biskuti ya Denver ilikuwa na 65.

Jimbo la Quebec lilikwenda mbali zaidi. Huko muuzaji wa rejareja ni mmoja tu, shirika la serikali liitwalo SQDC, na sheria iliyoliunda inalipa kazi ambayo sijaiona kwenye katiba ya kampuni nyingine: liuze bangi kwa kuzingatia afya, liwavute wanunuzi waliopo kutoka soko haramu na kubaki nao, bila kuhamasisha matumizi. Kioo cha duka hakikuonyeshi bidhaa. Pipi na chokoleti haziuzwi, kwa sababu huvutia watoto. Tangu Januari 2020 mnunuzi lazima awe na miaka 21, zaidi ya majimbo mengine yote ya Kanada. Meneja wa duka lile akipunguza idadi ya wavutaji wapya, amefanya kazi yake. Meneja wa Denver akifanya hivyo, atafukuzwa.

Uruguay ndiyo iliyotangulia nchi zote kuhalalisha, kwa sheria ya Desemba 2013 chini ya Rais José Mujica, ingawa uuzaji wa famasi ulianza Julai 2017. Mnunuzi hujiandikisha, huweka kidole kwenye mashine, na hapewi zaidi ya gramu 10 kwa wiki. Bangi inakuja katika pakiti ndogo yenye maonyo, kwa majina yanayofanana na ya fomula za hesabu: Alfa, Beta. Matangazo ni marufuku kabisa. Je, muuzaji wa mtaani alishinda? Kwa sehemu, ndiyo. Bangi ya famasi ilikuwa na nguvu ndogo, famasi zilizokubali kuiuza zilikuwa chache, na benki ziliziogopa kwa kuogopa sheria za Marekani. Wengi hawakujiandikisha. Mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ikaleta aina yenye nguvu zaidi, Gamma, ili kuwarudisha. Tazameni vizuri tatizo lilikuwa nini, maana ndilo jibu la pingamizi ya pili: ubora na upatikanaji. Bango lisingeongeza hata gramu moja kwenye rafu tupu. Anayevuta tayari atalitafuta duka bila kuitwa. Tangazo linamhitaji yule ambaye bado hajaanza, au anayejaribu kuacha.

Nisipite bila kusema ni nani anayeuza. Shirika la haki za raia la ACLU lilionyesha kwamba mwaka 2018 Mmarekani mweusi alikuwa na uwezekano wa kukamatwa kwa kupatikana na bangi mara 3.64 kuliko mweupe, ingawa wanatumia kwa viwango vinavyokaribiana. Mwaka huohuo wa 2018 kampuni ya bia na mvinyo ya Constellation Brands iliweka dola bilioni nne kwenye Canopy Growth ya Kanada, na kampuni ya sigara ya Altria ikatangaza kuweka dola bilioni 1.8 kwenye Cronos. John Boehner, Spika mstaafu wa bunge la Marekani, aliyewahi kusema hatatetereka katika kuipinga bangi, akaingia kwenye bodi ya kampuni ya bangi ya Acreage. Kanada, Julian Fantino, mkuu wa zamani wa polisi wa Toronto na waziri katika serikali iliyokataa kuhalalisha, alishafungua kampuni yake ya bangi ya tiba mwaka 2017. New York na Illinois zilijaribu kuwapa leseni za mwanzo waliotiwa hatiani kwa bangi au wanaotoka mitaa iliyosakwa zaidi, na jitihada hiyo naiheshimu ingawa imekwenda kwa kusuasua. Ila kampuni za sigara na pombe zinapoingia, haziingii na mtaji mtupu. Zinaingia na ujuzi wa karne nzima wa kumfanya mtu arudi dukani.

Liko jambo moja ambalo linawahusu ndugu zetu moja kwa moja. Katika miji kama Aurora, jirani na Denver, wanaishi wahamiaji wengi kutoka upande wetu wa dunia, na Kiswahili utakisikia. Bangi inaruhusiwa na jimbo, lakini uhamiaji ni kazi ya serikali ya shirikisho, ambayo haijaihalalisha. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba kujihusisha na bangi, hata kwa njia inayoruhusiwa na jimbo, kunaweza kumfanya mwombaji wa uraia aonekane hana mwenendo mwema. Hata kufanya kazi dukani tu kumewaletea watu matatizo. Kijana wetu mwenye kadi ya kijani anaona bango, anaona tangazo la kazi, anaona polisi hana habari, anahitimisha kwamba mambo ni salama. Tangazo la dukani halimwambii kwamba yeye na jirani yake mzaliwa wa pale wananunua vitu viwili tofauti. Kama mna mtoto huko, mpigieni simu.

Nirudi nyumbani, kwa haraka. Mwaka 2022 mgombea urais wa Kenya George Wajackoyah aliahidi kulipa madeni ya taifa kwa kuuza bangi nje. Alishika nafasi ya tatu kwa kura chini ya asilimia moja, lakini nchi nzima ilizungumza. Rwanda mwaka 2021 iliruhusu kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje, huku matumizi ya burudani ndani ya nchi yakibaki kosa. Lesotho ilishaanza kutoa leseni mwaka 2017. Sina ugomvi na dawa iliyopimwa. Lakini serikali inayomfunga raia wake kwa msokoto na kusafirisha tani kwa ndege inadaiwa maelezo, na neno fedha za kigeni halitoshi.

Watu huniambia Tanzania haina uzoefu wa haya. Inao. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba. Pombe kali ya chupa ilibaki halali, ileile, ya kiwanda kilekile. Kilichokatazwa ni kile kifuko cha plastiki kinachoingia kwenye mfuko wa sare ya shule, kwa bei ya mwanafunzi. Bila kutumia neno maadili, serikali ilikiri kwamba umbo na bei vinaweza kumtafuta mtoto. Ni hoja ileile ya biskuti ya Denver, na tuliifikia sisi wenyewe.

Kisha tukaishia hapo. Jezi za klabu zetu kubwa zimebeba majina ya kampuni za kamari, na mtoto wa miaka saba anaivaa jezi hiyo akienda madrasa au shule ya Jumapili. Kenya mwishoni mwa Aprili 2025 ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, hatua fupi lakini ya kweli. Mteja bora wa kamari anafanana sana na mteja bora wa duka la bangi, na mwenye kampuni anamjua kwa namba ya simu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotunga sheria zetu, wakiwemo wawili ninaowaona mstari wa mbele, halihusu bangi. Andikeni sheria inayomruhusu mwenye leseni ya kitu chochote kinacholevya au kunasa kutaja bei, mahali na kilichomo, na kumkataza mengine yote. Anzeni na bia, na hizo jezi. Siku mtu akija na muswada wa bangi, na atakuja, mumkute mmeshamaliza.